Jinsi ya kuipandisha yoti ya dizeli juu ya maji bila kuitesa injini: mwongozo kamili kwa sisi wa Ziwa Victoria

Kila wikendi nikiwa pale Entebbe naona kitu kilekile. Boti nzuri ya starehe, injini mbili za dizeli, inatoka ghubani, halafu aliyeshika usukani anasukuma mikono yote miwili ya mafuta mpaka mwisho kwa mkupuo mmoja. Moshi mweusi unatanda, pua inaangalia mawingu, watu wa nyuma wanashikilia viti, na boti inabaki hivyohivyo inalima maji dakika mbili tatu kabla haijapanda, yaani kuinuka na kuteleza juu ya maji, nyingine haipandi kabisa inarudi chini. Inaniuma kusema kweli, kwa sababu ile injini ni pesa ya mtu na wale wavuvi wanaorushwa na yale mawimbi ni watu wenye familia. Nimeulizwa mara nyingi sana jetini kwamba nahodha wewe boti yako mbona inapanda kimyakimya, sasa naandika yote hapa mara moja.

Mimi kazi hii nimejifunzia Mombasa, maji ya chumvi, nikaja Uganda na boti iliyoletwa kwa lori. Naendesha yoti ya futi 42, injini mbili za dizeli zenye tabo (kile kifaa kinachosukuma hewa ya ziada ndani ya injini), nguvu za farasi 370 kila moja, zimeandikwa RPM 2,800 mwisho, yaani mizunguko kwa dakika. Namba nitakazotaja ni za boti hiyo, yako itakuwa na zake ila mpangilio ni uleule.

Kinachotokea chini ya boti

Boti ikienda polepole inaelea tu, inasukuma maji pembeni na yanajifunga nyuma yake. Mbele inatengeneza wimbi na nyuma wimbi, kadiri unavyoongeza spidi wimbi linarefuka mpaka urefu wake unalingana na urefu wa boti majini, na hapo boti inakuwa imekaa kwenye shimo ililojichimbia yenyewe. Hesabu yake ni rahisi: chukua urefu wa boti pale inapogusa maji kwa mita, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 2.43, unapata noti. Yetu ina mita 11.5 majini, inatoka noti 8 na kidogo, kama kilomita 15 kwa saa. Meli kama MV Kalangala inayotoka Nakiwogo kwenda Lutoboka inaishi chini ya huo mpaka maisha yake yote, inatumia kama saa tatu na nusu na haina shida, haikuumbwa kuteleza.

Yoti yenye chini bapa kidogo imeumbwa kuuvuka huo mpaka. Lakini kuuvuka lazima ipande mgongo wa wimbi lake yenyewe, pua inainuka, tezi, yaani sehemu ya nyuma, inazama, injini zinabeba mzigo mzito kuliko wakati mwingine wowote wa safari. Hiyo ndiyo sisi tunaiita nundu. Kwa boti yangu nundu inaanza kwenye noti 10 na kuisha karibu na 15, ikifika 16 imeshapanda, pua inarudi chini, na mafuta yaleyale uliyokuwa unachoma ukiwa nunduni yanakupa spidi zaidi. Ndiyo maana kukaa noti 12 au 13 ukidhani unabana matumizi ni kosa, hapo ndipo unachoma sana kwa kilomita, unaitwika injini mzigo bila kuipa mizunguko, na unatoa wimbi kubwa kuliko yote boti yako inayoweza kutoa.

Sasa shika mambo haya mawili kwa sababu yanavutana na mengine yote yanatoka hapa. Dizeli yenye tabo haitaki uharakishe, na nundu haitaki ukawie juu yake. Anayesukuma mafuta kwa pupa anaikosea ya kwanza, anayeogopa na kusukuma robo robo kwa dakika tano anaikosea ya pili.

Ziwa letu liko juu, usilichukulie kama bahari

Hili watu wengi hawalijui na mafundi wachache wanakuambia. Uso wa Ziwa Victoria uko kama mita 1,135 juu ya bahari. Hewa ya Entebbe ni nyepesi kwa kama asilimia 12 kuliko ya Mombasa, yaani kila mara silinda inapovuta pumzi inapata hewa pungufu. Injini isiyo na tabo inapoteza nguvu kiasi hichohicho karibu. Yenye tabo ikishachanganya juu huko inajifidia vizuri, shida yake iko chini, kwenye RPM 1,200 mpaka 1,800 hivi kabla tabo haijashiba, na bahati mbaya ni palepale nundu inapoanza kudai nguvu. Mkono uleule wa mafuta uliokuwa unatosha Kilindini kule Mombasa, hapa unakupa moshi tu.

Halafu maji yenyewe ni baridi, namaanisha siyo ya chumvi. Maji ya bahari ni mazito zaidi kwa asilimia kama 2.5, kwa hiyo boti ya tani 14 hapa inazama kidogo zaidi, inahitaji kusukuma lita kama 340 za ziada pembeni ili ielee. Siyo kitu kikubwa, ila ukijumlisha na hewa nyepesi, na rafadha (panga linalosukuma boti) iliyochongwa kwa ajili ya bahari, boti iliyokuwa inaruka kule pwani inakuja hapa inakuwa nzito kama jiwe.

Hivyo ndivyo ilivyonitokea. Siku za mwanzo boti yetu ilikuwa ikisukumwa mpaka mwisho inaishia RPM 2,620, haifiki 2,800 iliyoandikwa. Fundi mmoja akaniambia ndiyo hali ya hapa nizoee, nikamwamini miezi miwili. Nilikosea kumwamini. Injini ya dizeli ikisukumwa mpaka mwisho na boti ikiwa na mzigo wake wa kawaida lazima ifike ile namba ya kiwandani au ipite kidogo, isipofika maana yake imebebeshwa kupita kiasi muda wote, hata ukienda kwa RPM za chini. Tulitoa rafadha zote mbili tukapunguza pichi, yaani ulalo wa mapanga yake, inchi moja na nusu, zikafika 2,800. Kitu kilichobadilika zaidi hakikuwa spidi ya mwisho, ni ile namna ya kupanda: moshi ulipungua na nundu ikawa ya sekunde chache. Kwa hiyo kama boti yako imetoka pwani au imeagizwa nje ikiwa na rafadha za bahari, anza hapo kabla hujalaumu mkono wako.

Kabla ya kufungua kamba

Uzito ni adui wa kwanza. Lita 1,000 za dizeli ni kilo kama 840, tangi la maji la lita 400 ni kilo 400, na kreti za soda na bia watu wanazipanga wapi? Nyuma kwenye deki, kwa sababu ndipo wanapokaa. Boti inakuwa imeshakalia matako kabla haijaanza safari. Mimi naomba kreti na majokofu yaende katikati, na wakati wa kupanda nawaomba abiria wa nyuma waingie saluni, nawaambia kwa heshima, "ssebo, nnyabo (bwana, bibi), tuingie ndani dakika mbili boti ipande kisha mtarudi." Watu sita wa kilo 70 wakisogea mita tatu mbele boti inasikia kabisa. Na idadi ya watu usiichezee. Novemba 2018 boti ya starehe ilizama upande wa Mukono ikiwa imejaza kupita uwezo wake, wakafa watu zaidi ya 30, wengi hawakuwa wamevaa jaketi za kuokolea. Jaketi zivaliwe kabla ya kuondoka, siyo zikae kwenye droo.

Pili chujio la maji ya kupoozea. Hapa kwetu gugu maji halina huruma, linaelea na mizizi yake mirefu myeusi, na mizizi ikikatika inaingia kwenye matundu ya kuvuta maji. Mnakumbuka Aprili 2020 kisiwa cha magugu kilivyoelea mpaka kikaziba mitambo ya umeme Jinja na nchi nzima ikawa giza. Kama kinaweza kuzima Uganda yote, chujio lako la ukubwa wa kopo la Kimbo ni nini. Funga koki, fungua kifuniko, toa uchafu, rudisha, fungua koki. Hilo la mwisho watu wanalisahau na impela inaungua.

Tatu filta ya hewa. Wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda kama nguzo za moshi, wakikukuta njiani wanaingia kila mahali, nimewahi kufungua filta nikakuta imefunikwa kama imemwagiwa majani ya chai. Injini iliyoko mita 1,135 juu na filta imeziba, unategemea ipumue na nini?

Dizeli nayo, kama unajaza kwa jerikeni tumia faneli yenye kitambaa na kila asubuhi mwaga maji yaliyokaa chini ya filta. Chini ya boti pia pasuguliwe, hatuna kombe za bahari hapa lakini utelezi wa kijani na konokono wanatosha kukunyima noti mbili.

Kupasha injini

Washa, angalia presha ya oili, angalia nyuma maji yanatoka kwenye eksozi. Usisimame kwenye jeti nusu saa ukinguruma, dizeli haipati moto vizuri ikiwa haina kazi. Dakika tatu nne zinatosha, kisha ingiza gia utoke polepole, RPM 800 mpaka 1,000, iwe inapata moto ikiwa inafanya kazi ndogo. Moshi mweupe kidogo asubuhi ni kawaida, ukiendelea baada ya injini kupata moto ujue kuna nozo inavuja au kitu kingine. Wa bluu ni oili inaungua. Mweusi ni dizeli nyingi kuliko hewa, na huo ndio wa kuutazama leo.

Usiguse habari ya kupanda mpaka maji ya injini yafike angalau nyuzi 70. Yetu ikishatulia inakaa karibu na 80. Kuna watu wanapandisha ikiwa 45 kwa sababu abiria wana haraka. Chuma kikiwa baridi pistoni na silinda havijakaa sawasawa na unaitwika mzigo mzito kuliko wote wa siku, hapana jamani.

Chagua mahali pa kupandia

Pale ghubani ndani upande wa Munyonyo na Ggaba hapafai. Maji ni mafupi, na kwenye maji mafupi wimbi la boti linakuwa kubwa zaidi na nundu inakuwa ngumu zaidi, boti inavutwa chini kama imeshikwa na mkono. Mimi natoka nje kabisa mpaka kipima kina kiniambie nina zaidi ya mita 8 hivi chini yangu.

Jambo lingine ni mitumbwi. Asubuhi mapema wavuvi wa mukene (dagaa wa ziwani) wanarudi na taa zao, mitumbwi imejaa, kingo ziko kiganja kimoja tu juu ya maji. Nilisema juu kwamba wimbi kubwa la boti linatoka ukiwa nunduni, siyo ukiwa umepanda na siyo ukiwa polepole. Kwa hiyo nahodha anayemwona mvuvi na kupunguza kutoka noti 20 mpaka 12 akidhani amemheshimu, amemfanyia vibaya zaidi kuliko angepita mbali na spidi yake. Kama una nafasi ya kupita mbali, mia tatu mia nne mita, pita ukiwa umepanda. Kama nafasi hakuna shuka mpaka noti 6, pita, msalimie, halafu panda upya ukishamwacha mbali nyuma. Ni dizeli ya ziada, ndiyo, lipa.

Na nyavu usizisahau, angalia madumu ya plastiki yanayoelea kwa mstari. Wavu kwenye rafadha ni siku imeisha kwako na ni mwezi umeisha kwa mwenye wavu.

Kupanda kwenyewe

Nitaenda hatua kwa hatua kama ninavyofanya kutoka Entebbe kwenda kisiwa cha Ngamba, kile cha sokwe, ni kilomita 23 hivi. Kwa noti 8 ni saa moja na nusu, kwa noti 20 ni dakika 37, kwa hiyo kupanda kuna maana.

Niko nje, RPM 1,100, noti 7 na nusu, pua imenyooka, usukani katikati, injini zote mbili zinasoma sawa. Kabla ya kuongeza chochote nashusha flapu za nyuma, yale mabamba mawili yaliyofungwa chini ya tezi. Kwa mzigo wa kawaida nusu, tukiwa wengi robo tatu au zote. Flapu zikishuka zinasukuma tezi juu, pua inabaki chini, nundu inapungua urefu. Wengi wanasubiri pua inyanyuke ndiyo wanakimbilia swichi za flapu, umechelewa, zinatumia sekunde kadhaa kushuka na wakati huo injini inakandamizwa. Kama boti yako ina mguu wa nje badala ya shafti, ingiza mguu wote ndani kwanza, kazi ni ileile.

Natazama nyuma, naangalia magugu mbele, nawaambia watu "tunapanda, shikeni." Halafu mikono miwili ya mafuta pamoja, kiganja kimoja juu ya yote miwili, kutoka 1,100 mpaka 1,500 nikihesabu moja mpaka tano. Nasimama hapo. Pua inaanza kuinuka kidogo. Hapa ndipo kiganja chako kinataka kuendelea na ndipo kinatakiwa kutulia, kwa sababu tabo inazungushwa na moshi wa injini, na moshi wenyewe bado ni mdogo, ukimwaga dizeli zaidi sasa haina hewa ya kuungulia, inatoka nyeusi nyuma na kuacha masizi kwenye tabo na eksozi. Pwani nilikuwa nasubiri sekunde mbili. Hapa nasubiri nne mpaka sita. Sikiliza, usiangalie geji tu, kuna filimbi nyembamba inaanza chini ya mngurumo, mwanzoni kama mbu mbali halafu inakaza. Hiyo filimbi ndiyo tabo inakuambia sasa nina hewa.

Ikishakaza nasukuma bila kusita kwenda 1,900, tena kwa hesabu ya nne tano. Pua sasa imepanda kweli, kisiwa cha Ngamba kimepotea mbele yangu nyuma ya deki, naona mawingu, na hapa ndiyo nunduni hasa. Usiogope na usirudishe mafuta. Usikate kona pia, kona nunduni inalaza boti upande mmoja na injini moja inabeba kuliko mwenzake. Naangalia nyuma kwa jicho moja: moshi wa kijivu kidogo kwa sekunde mbili unaruhusiwa, mweusi unaoendelea hapana, ukiuona usiongeze mpaka usafike. Kisha 2,200, 2,300, nabaki hapo.

Na ndipo utaona kitu kinachonifurahisha mpaka leo baada ya miaka yote hii. Maji yaliyokuwa yanachemka yameng'ang'ania tezi yanaachia, yanakatika kama nguo inayopasuliwa sawasawa, na nyuma ya boti pale pakavu panaonekana, mstari wa maji safi. Michirizi ya povu iliyokuwa inaruka karibu na pua inarudi nyuma mpaka katikati ya boti. Pua inashuka yenyewe, kisiwa kinarudi machoni, na bila kugusa mafuta injini inaongeza RPM mia moja au mia mbili yenyewe kwa sababu mzigo umepungua. Hiyo ndiyo dalili, siyo spidi kwenye skrini. Imepanda.

Kwa boti yangu kuanzia 1,100 mpaka hapo ni sekunde 25 hadi 30. Kama yako inapita dakika nzima na bado inalima, usiendelee kuilazimisha, rudisha mafuta taratibu mpaka noti 7 utafute sababu.

Kama kuna mawimbi yanatoka nyuma yatumie, wimbi likiinua tezi ndiyo wakati wa kusukuma, unashuka nalo kama mtu wa baiskeli kwenye mteremko. Yakitoka mbele subiri nafasi kati ya makubwa. Na ndiyo maana mimi napenda kuondoka asubuhi, mchana upepo wa ziwani ukishaamka maji ya wazi kuelekea visiwa vya Ssese yanakuwa na mawimbi mafupi na makali, siyo kama mawimbi marefu ya bahari.

Ukishapanda

Watu wanaacha mafuta palepale walipoyafikisha. Rudisha. Kushikilia boti juu kunahitaji nguvu pungufu kuliko kuipandisha. Safari ya kawaida weka asilimia 80 mpaka 85 ya RPM za mwisho, kwangu 2,250 mpaka 2,350, noti 19 au 20. Ukishuka chini ya noti 15 hivi itaanza kurudi nunduni polepole bila wewe kujua, pua inainuka kidogo kidogo, kuwa macho hapo.

Kisha flapu zipandishe kidogo kidogo, gusa swichi sekunde moja, subiri, tazama spidi. Kila unapogusa spidi inaongezeka nusu noti, mpaka ifike mahali haiongezeki au pua inaanza kudundadunda, rudisha guso moja, hapo ndipo pake. Boti ikilala upande, kwa upepo au kwa watu kukaa upande mmoja, shusha flapu ya upande uliolala peke yake. Mawimbi yakitoka nyuma pandisha flapu zote, pua ikibanwa chini halafu wimbi likusukume, boti inaweza kuchimba na kugeuka ubavu ghafla, na hilo sikuombei.

Linganisha injini mbili kwa sikio. Zikitofautiana utasikia mvumo unaopanda na kushuka, wuu wuu wuu, sogeza mkono mmoja kidogo mpaka mvumo urefuke na kupotea.

Ikigoma kupanda

Jana ilipanda leo haipandi, kitu cha kwanza ni magugu kwenye rafadha. Simama kabisa, nyutro, kisha gia ya nyuma RPM kidogo sekunde kumi, mara nyingi yanajifungua yanaelea mbele. Ikitetemeka ikiwa mbele pia, bapa la rafadha limepinda, labda jiwe. Maji yalipopanda sana mwaka 2020 kuna mialo na miti iliyozama, sehemu nyingine tulizozizoea pembeni ya visiwa siyo zilezile tena.

Imekuwa mbaya pole pole kwa wiki nyingi? Chini pachafu, au filta ya hewa, au intakula (kipoozeo cha hewa ya tabo) imejaa tope na utelezi, au uzito umeongezeka bila wewe kujua, boti inakusanya vitu kama nyumba. Kuna jaribio moja zuri la bure: ukiwa umesukuma mwisho kwenye maji ya wazi mwambie mwenzako afungue mfuniko wa chumba cha injini kidogo huku ameshikilia vizuri, RPM zikipanda ujue chumba kinakosa hewa, matundu ya pembeni yameziba au ni madogo. Sisi tulipata RPM 60 hivi hivi, kumbe mtu alikuwa ameweka maturubai na kamba mbele ya tundu la hewa.

Na boti inayoendeshwa polepole tu kila siku, mwaka mzima ghubani noti 6 na muziki, tabo yake inajaa masizi inashika. Mwenye boti anasema anaitunza. Ipe mzigo wa kweli dakika 15 au 20 kila safari ikishapata moto.

Kushuka

Kushuka nako kuna ufundi wake. Ukikata mafuta ghafla boti inaanguka chini, na wimbi lako mwenyewe lililokuwa nyuma linakufuata, linapanda tezi na kumwagikia deki, nimeona kreti zinaelea. Rudisha mpaka 1,900, subiri pua ianze kuinuka, kisha pita nundu kwa haraka kidogo kwenda 1,200, na wimbi likikaribia nyuma ongeza kidogo tu lipite chini yako. Flapu zipande zote kabla hujaingia ghubani, maana ukirudi nyuma kwa gia jetini zikiwa chini unaweza kuzivunja.

Kuanzia hapo mpaka jetini nenda RPM za chini dakika tano na zaidi, na ukishafunga kamba iache iungurume dakika tatu nne nyingine. Tabo ilikuwa inazunguka maelfu kwa maelfu na iko moto sana, oili ndiyo inayoipoza, ukizima palepale oili inasimama ndani inaungua na kugeuka mkaa kwenye bearingi. Mimi wakati huo ndio nachukua daftari: tarehe, lita, watu wangapi, RPM ilipopandia, sekunde ngapi, tempu ya kila injini. Sekunde zikitoka 28 zikafika 35 kwa watu walewale, kesho asubuhi nazama na miwani kuangalia chini.